Mafuta ya pikipiki na kitabu cha bajeti

Mei 2024 pwani ya Kenya ilikuwa na hadithi moja tu: muguka, jani linalotafunwa kama miraa. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku jani hilo, Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, na Andrew Mwadime wa Taita Taveta naye hakutaka kuachwa nyuma. Sababu zilizotolewa zilikuwa za afya: vijana wanapotea, vichwa vinaharibika, nyumba zinavunjika. Wakulima wa Embu wakapiga kelele, kesi zikafika mahakamani, Rais William Ruto akasema marufuku za magavana hazina nguvu mbele ya sheria ya kitaifa inayolitambua zao hilo. Kwa majuma kadhaa, kwenye redio na kwenye vijiwe vya boda boda, kila mtu alikuwa mtaalamu wa akili za vijana.

Katika majuma hayo hayo, bila redio wala kijiwe, makadirio ya bajeti ya mwaka mpya wa fedha yalikuwa mezani mwa mabunge ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka yawasilishwe kufikia Aprili 30 na yapitishwe kufikia Juni 30. Yule kijana tuliyekuwa tukimwonea uchungu, kama uchungu wenyewe ulikuwa wa kweli, alipaswa kuonekana humo ndani: mshauri wa kuzungumza naye, muuguzi wa afya ya akili, dawa, mtu wa kumfuata nyumbani akikosa kliniki. Sikusikia kijiwe hata kimoja kikiuliza yumo ukurasa wa ngapi.

Marufuku haigharimu kitu. Gavana anatia sahihi, kamera zinapiga picha, kesho yake ni habari. Huduma inagharimu, tena kila mwezi, tena bila picha. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini pesa za afya ya akili na za watu wenye ulemavu katika kaunti zetu hupungua bila mtu yeyote kuonekana akizipunguza.

Ili kuelewa gharama yenyewe, mtu atazame ramani kwanza. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba 17,084, na karibu asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga ya Tsavo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 340,671, waliosongamana katika vishamba vya milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau, katika miji ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na katika makazi yaliyotawanyika nyikani kando ya barabara, reli na mashamba ya katani. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Mtu wa Kasigau hushuka kwanza hadi Maungu kwenye barabara kuu ndipo apate gari la kwenda Voi. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iko Voi, na kwa maradhi mengi mtu akifika hapo amefika. Lakini jamaa akichachamaa usiku, akivunja vyombo na kusema anafuatwa na watu wasioonekana, wenye nyumba huanza kutaja majina ya mbali zaidi: hospitali ya Port Reitz kule Mombasa, kama kilomita 150 kutoka Voi, au ile ya Mathari kule Nairobi, zaidi ya 300.

Safari ya namna hiyo huliwa na familia kabla mgonjwa hajaandikwa kitabuni. Gari la kukodi, kwa sababu matatu haitampakia. Vijana wawili wenye nguvu wa kumshika. Mbuzi aliyeuzwa kwa bei ya haraka. Baada ya majuma kadhaa mgonjwa anarudi ametulia, na karatasi ya dawa za kuendelea nazo. Dawa zinaisha. Mwezi wa tatu au wa nne mambo yanarudi yalivyokuwa, na safari hii hakuna mbuzi.

Huduma ya karibu na nyumbani ni njia ya kuukata mzunguko huo, na kwa macho ya mtu wa bajeti haina fahari yoyote. Muuguzi aliyesomea afya ya akili anapanda pikipiki siku iliyopangwa, anafika zahanati ya wadi, anakuta wagonjwa wake ishirini au thelathini, anadunga sindano ya mwezi, anahesabu vidonge vya kifafa, anauliza nani hakuja. Mhudumu wa afya ya jamii, yule anayezijua nyumba kwa majina, anatumwa kwa asiyekuja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anapita kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo na kumwonyesha mamake jinsi ya kumkalisha, kumlisha bila kumpalia, kumnyoosha misuli isikakamae. Fundi anarekebisha kiti cha magurudumu ambacho tairi zake hazikuundwa kwa mawe ya Sagalla. Kikundi cha wazazi kinakutana chini ya mwembe, kinachanga, kinalia kidogo, kinacheka zaidi.

Ukiiweka shughuli hiyo yote kwenye karatasi unapata mishahara, posho, dawa, mafuta ya pikipiki na muda wa maongezi wa simu. Hakuna jengo. Hakuna utepe wa kukata. Na hapo ndipo shida inapoanzia, kwani ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Nia ilikuwa njema, pesa zisiishie mishaharani. Lakini katika hesabu za serikali wodi mpya ni maendeleo, na muuguzi anayefanya wodi hiyo isihitajike ni matumizi ya kawaida. Mwakilishi wa wadi anayetaka kurudi bungeni anajua kipi kinaandikwa jina lake ukutani. Ndiyo maana nchi hii ina majengo ya afya yenye rangi mpya na kufuli kubwa, huku pikipiki ya idara ikiwa imeegeshwa bila mafuta.

Katika vitabu vingi vya bajeti za kaunti, huduma hizi hazina hata kifungu chao. Zimefichwa ndani ya programu pana yenye jina kama kinga na uhamasishaji, pamoja na chanjo, vyoo, malaria na kampeni za kunawa mikono. Fedha zikichelewa kutoka Hazina ya Kitaifa, na huchelewa kila mwaka, afisa wa fedha hulipa kwanza mishahara, halafu umeme, halafu wale wadai wanaopiga simu. Kinachobaki hugawanywa ndani ya programu. Mafuta ya ziara za nyumbani hayapigi simu. Mwisho wa mwaka, Msimamizi wa Bajeti, ofisi inayoshikiliwa na Margaret Nyakang'o tangu 2019, hutoa ripoti inayoonyesha programu nzima ilitumia asilimia fulani ya fedha zake. Kliniki ya kifafa ilifanyika mara ngapi? Ripoti haiwezi kukuambia, kwa sababu kitabu hakikuwahi kuitaja. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa kiwango cha taifa, takwimu zilishatolewa zamani na wala si wanaharakati waliozitoa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichapisha mwaka 2017 ukaguzi wa huduma za afya ya akili, akakuta kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya nne kwenda juu, ni 29 tu zilizotoa huduma hizo, na kwamba serikali ilitumia asilimia 0.01 ya matumizi yake ya afya kwa maradhi ya akili. Isome tena: senti moja katika kila shilingi mia. Miaka mitatu baadaye jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilizunguka nchi, likasikiliza wananchi, na Julai 2020 likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Pendekezo hilo lilipata vichwa vya habari vikubwa. Corona ilikuwa imeshika nchi wakati huo, na vichwa vya habari havikukaa.

Kisha zikaja sheria, na lazima niseme ni sheria nzuri. Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, kwa mswada ulioanzishwa na Seneta Sylvia Kasanga, ilizibebesha kaunti wajibu wa kutoa matibabu na urekebishaji karibu na watu wanakoishi, na ikaagiza kila kaunti iwe na baraza lake la afya ya akili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyopiganiwa na Seneta Crystal Asige na kutiwa sahihi Mei mwaka huo, ilichukua nafasi ya ile ya 2003. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alifuta kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Kabla ya hapo, aliyeokolewa mtini au kisimani angeweza kutolewa hospitali na kupelekwa kituo cha polisi. Sasa si mhalifu tena, na anachohitaji ni mshauri. Mshauri yuko wapi, na mshahara wake uko kwenye kifungu gani? Jaji hakuulizwa swali hilo, na si kazi yake kulijibu.

Marekani ilipitia njia hii kabla yetu, na kisa chao kinafaa kusomwa na kila mjumbe wa kamati ya afya. Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii, moja ya sheria zake za mwisho. Mpango ulikuwa kuwatoa watu katika hospitali kubwa za vichaa na kuwahudumia mitaani kwao, kupitia vituo 1,500. Hospitali zilifungwa kweli kweli, maana kufunga kunaokoa fedha. Vituo vilivyojengwa vilikuwa takriban nusu tu. Mwaka 1981, chini ya Ronald Reagan, fedha zilizobaki zilikunjwa ndani ya ruzuku za jumla kwa majimbo, zikapunguzwa, na kila jimbo likaambiwa lipange lenyewe. Wengi waliotolewa hospitali waliishia vichochoroni na jela. Hakuna aliyesimama kusema anapinga huduma za jamii. Pesa zilipotezwa jina tu, zikachanganywa na nyingine.

Italia ilifanya vingine. Sheria ya 1978 inayohusishwa na daktari Franco Basaglia ilifunga milango ya hospitali za wagonjwa wa akili, lakini mji wa Trieste ulikuwa tayari unahamishia wafanyakazi na bajeti ya hospitali kwenye vituo vya mitaani. Pesa zilimfuata mgonjwa. Huko nako, serikali za mkoa zikibadilika, watu wa Trieste hulazimika kutetea vituo vyao upya, kwa hiyo asidhani mtu kwamba jambo hili huamuliwa mara moja likaisha.

Na tusiende mbali hivyo. Makueni, jirani yetu ng'ambo ya Tsavo, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei waliwafunza wauguzi, wahudumu wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua maradhi ya akili na kupeana wagonjwa badala ya kunyang'anyana. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwaweka nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kwenye mabenchi nje ya kliniki wawasikilize wenye msongo wa mawazo, mpango ulioanza 2006 na ambao umefika hadi Zanzibar. Kwamba mambo haya yanawezekana kwa watu wa kawaida na kwa gharama ndogo si jambo la kubishaniwa tena. Kinachobishaniwa ni nani atalipa mradi ukiisha.

Kwa Wataita wazo kwamba akili ya mtu ni shughuli ya ukoo si geni. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa milimani mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu ya saka, mishtuko iliyowashika wanawake walioolewa, na juu ya ngoma zilizochezwa ili kuwatuliza. Baadaye aliandika kitabu kizima juu ya kutasa, ibada ya kutema kinywaji huku mtu akiitoa hasira moyoni isimdhuru wa nyumbani mwake. Sisemi turudi kwenye ngoma, ingawa nimeona ofisi kadhaa ambazo zingefaidika na kutasa kila Jumatatu. Ninachosema ni kuwa ngoma ilikuwa na siku yake, na waliogharamia walijulikana. Mgonjwa hakuachiwa deni peke yake.

Kuna jambo lingine la Taita Taveta ambalo mtu wa Nairobi hupitiwa nalo: ndovu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyeachwa na ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai hukaa miaka. Lakini hata yangelipwa kesho, ile ni pesa ya mara moja. Aliyekanyagwa mguu akienda shambani alfajiri anahitaji mguu bandia, na mguu bandia huchakaa. Anahitaji mazoezi. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu usiku, kwa sababu kila kijiti kikivunjika nje ya nyumba yeye yuko macho. Ongeza waliovunjika kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, wachimba vito walioangukiwa na mashimo, na wazee waliopatwa na kiharusi. Kila mmoja wao hukabidhiwa binti mmoja wa nyumba yake, ambaye ataacha shule au kazi, na ambaye bajeti haimwoni kabisa.

Atakayemwona labda ni Inua Jamii, mpango wa serikali kuu wa misaada ya fedha, ambao sehemu yake moja huwapa walezi wa watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Sehemu hiyo ilianza 2011. Kiasi kimebaki kile kile kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga ikipanda na kushuka na kupanda, na malipo yenyewe yana tabia ya kuchelewa na kuja kwa mkupuo. Ni msaada wa maana, na anayeubeza hajawahi kuishi bila hata huo. Ila shilingi 2,000 hainunui huduma ambayo haipo. Mama wa Ngolia hawezi kumlipa mtaalamu wa viungo ambaye wadi haina.

Tena, yule mtoto mwenye mtindio wa ubongo yumo katika ofisi nne. Mazoezi yake ni ya idara ya afya ya kaunti. Usajili wake ni wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Pesa zake za mwezi ni za serikali kuu. Tathmini ya kujua atasoma wapi ni ya vituo vya wizara ya elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Bajeti ikibanwa, kila ofisi ina hakika kwamba mwenzake ndiye mwenye jukumu.

Hata kuhesabiwa kwake ni shida. Sensa ya 2009 ilisema Wakenya asilimia 3.5 wana ulemavu. Ya 2019 ikasema asilimia 2.2. Ulemavu haukupungua, maswali ndiyo yaliyobadilika, na safari hii walihesabiwa wenye miaka mitano na zaidi pekee. Maswali yenyewe yaliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mtu aliyejifungia chumbani kwa huzuni miezi sita, anayeona vizuri na kusikia vizuri, hakupata kisanduku chake. Halafu mpangaji wa kaunti hufungua jedwali hilo akitafuta idadi ya kuombea fedha.

Hoja ya upande wa pili naijua, na si ya kupuuzwa. Kaunti ya Taita Taveta si tajiri. Mgao wake kutoka Hazina mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 4.8, na humo mna madaktari, maji, barabara, chekechea na malimbikizo ya madeni. Nusu ya mapato ya Tsavo ambayo viongozi wameidai kwa miaka mingi ingebadilisha hesabu, lakini madai hayanunui dawa. Mnamo 2024, baada ya vijana kuandamana na Mswada wa Fedha kuondolewa, mgao wa kaunti zote 47 ulishushwa kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Waziri wa fedha wa kaunti anayeambiwa katikati ya mwaka kwamba fedha alizopangia hazipo atakata kitu. Nani atamlaumu kwa kukata?

Nitamlaumu kwa kukata gizani. Bajeti ya nyongeza ndiyo mahali pake: kijitabu cha katikati ya mwaka, kinachopitishwa haraka, ambamo milioni mbili zinaondoka hapa na kutua pale. Wana Taita Taveta wanajua bajeti inavyoweza kuwa uwanja wa vita. Mwaka 2019 Gavana Granton Samboja alikataa kuitia sahihi bajeti kwa sababu ya fedha za maendeleo ya wadi, akaanza kukusanya sahihi za kuivunja kaunti nzima, na Oktoba wawakilishi wadi wakapiga kura ya kumng'oa kabla Seneti haijamwokoa. Vita hivyo vilikuwa vya pesa za miradi ya wadi. Hakuna aliyewahi kutishia kuivunja kaunti kwa sababu ya haloperidol ya wagonjwa wa akili.

Wafadhili nao walitufundisha Januari 2025. Serikali ya Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje, na katika kaunti nyingi washauri waliokuwa wakilipwa na miradi ya Ukimwi waliambiwa wasije kazini. Wengi wao ndio waliokuwa wakisikiliza mengi zaidi ya Ukimwi: vipigo vya nyumbani, ulevi, mawazo ya kujiua. Kaunti haikuwa imewaajiri, kwa hiyo haikuwa na pengo la kuandika popote.

Wapo wanaosema Sheria ya Kuboresha Ufadhili wa Vituo vya Afya ya 2023 itatatua, kwani sasa hospitali inabaki na mapato yake badala ya kuyapeleka kwenye mfuko wa kaunti. Ni hatua nzuri kwa maabara na chumba cha upasuaji. Lakini mapato ya hospitali huja na mgonjwa aliyefika na kulipa, au aliyelipiwa na bima. Mgonjwa wa akili wa Marungu ambaye hajafika na hana bima haleti mapato. Kadiri ziara za nyumbani zinavyofaulu kumzuia asilazwe, ndivyo anavyoleta kidogo zaidi. Huduma kama hii haiwezi kujilipia, na anayeitaka ijilipie anataka ife.

Kinachobaki ni kodi, na kodi hulindwa kwa karatasi. Kifungu cha 20 cha Katiba, ibara ya tano, kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama ya afya, ni juu yake kuthibitisha kwamba kweli hazipo, na katika kugawa fedha izingatie walio hatarini zaidi. Ni silaha ambayo haijatumika vya kutosha. Lakini ili uitumie mahakamani unahitaji kuonyesha kilichotengwa na kilichoondolewa, na hilo linaturudisha kwenye kifungu cha bajeti chenye jina lake: afya ya akili ya jamii, kiasi fulani, urekebishaji wa watu wenye ulemavu, kiasi fulani, mafuta, dawa, posho, kila kimoja na mstari wake. Kifungu hakizuii kukatwa. Kinafanya tu anayekata aonekane ameshika kisu. Nami sipendekezi kifungu kikubwa kisicho na watu wa kukitumia, kwani fedha zisizotumika hurudi, na mwaka unaofuata huambiwa hukuzihitaji. Afadhali kidogo kinacholipa wauguzi watatu na mafuta yao mwaka mzima kuliko milioni kumi za kituo cha kisasa kitakachokaa kwenye mchoro.

Nani aseme hayo? Katiba inatoa viti vya uteuzi katika bunge la kaunti kwa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu. Sheria ya usimamizi wa fedha inataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, mwenyekiti wake gavana, na karibu nusu ya wajumbe wake watu wa nje ya serikali: wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, dini, na watu wenye ulemavu. Katiba na sheria hiyo zinampa mwenye ulemavu nafasi ya kukaa, si ya kusikilizwa, na mimi sijawahi kuamini sana majukwaa. Lakini anayeketi pale anapata nakala kabla ya wengine, na nakala ndiyo yote. Kwa wale waliobaki, tarehe ni hizi: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia Septemba 1, Mkakati wa Fedha Februari 28, makadirio Aprili 30. Wengi wetu huamka Juni, kukiwa hakuna tena cha kubadilisha ila matamshi.

Tangazo la ushirikishaji wa umma likibandikwa, mtu atazame ukumbi wenyewe umewekwa wapi. Kama ni ghorofani bila njia ya magurudumu, au kama mkutano wa Kasigau umeitiwa Voi saa mbili asubuhi, hiyo ni hoja ya kwanza ya kuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kabla hata ya kufika kwenye shilingi. Ya pili iwe swali la mwaka uliopita: kliniki za nje zilipangwa ngapi, zilifanyika ngapi, na pikipiki iliyokwama ilikwama kwa sababu ya kifaa, mafuta au dereva. Afisa atakayejibu atahitaji kufungua faili. Kama faili haipo, ombi kwa bunge la kaunti, ambalo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mwananchi yeyote kuliwasilisha, linaweza kuandikwa kwa mkono.